Kufundisha pigo la mzunguko katika besiboli: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafundisha besiboli kwa watoto wa sekondari hapa Iringa, jioni baada ya vipindi, kwenye kipande cha uwanja tunachogawana na timu ya mpira wa miguu na mbuzi wawili wa jirani. Walimu wa michezo kutoka Mafinga, Makambako, Uyole na Tukuyu hunipigia simu, na karibu wote huuliza yaleyale. Nimeyaandika hapa ili simu ipumue. Kama umewahi kusimama mbele ya mtupaji, yule anayekurushia mpira uupige, hata mara moja, ruka swali la kwanza.

Pigo la mzunguko ni nini?

Mpigaji anasimama ubavu, bega la mbele likimwelekea mtupaji. Mpira ukija anapiga hatua fupi, mguu wa mbele unatua na kushika ardhi, halafu mwili mzima unageuka kuuzunguka uti wa mgongo mpaka kitovu kinamtazama mtupaji. Gongo, ile fimbo ya kupigia mpira, linakuja mwisho, limevutwa na mwili. Mtoto aliyewahi kuchezea pia, ile ya kuzungusha, analielewa hili haraka. Pia imesimama palepale, ncha iko chini, lakini iguse ubavuni uone inavyokuchapa kidole.

Njia nyingine ni ya kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele na kuipeleka mikono moja kwa moja kwenye mpira. Wamarekani wamebishana juu ya njia hizi kwa miongo. Wa upande wa mzunguko humtaja Ted Williams wa Boston Red Sox, aliyemaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa .406, yaani zaidi ya mara nne katika kila kumi alipiga mpira na kufika beisi, kituo ambacho mpigaji hukimbilia. Wa upande wa pili humtaja kocha Charley Lau na mwanafunzi wake George Brett, aliyefikisha .390 mwaka 1980. Ukitazama video zao polepole unaona Williams naye anasogea mbele kidogo kabla ya kugeuka, na Brett naye anageuza nyonga. Kwa hiyo mimi sishiki bendera ya mtu. Nafundisha mzunguko kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mtoto haigundui mwenyewe. Kusogea mbele atasogea tu, hata umkataze.

Kwa nini nyonga, wakati gongo limeshikwa na mikono?

Ukipanda Kitonga nyuma ya semi inayokwenda Tunduma, tazama inavyokata kona. Kichwa kinageuka kwanza, tela linafuata. Hujaona dereva akishuka kwenda kusukuma tela lipite kona. Nyonga ni kichwa, gongo ni tela.

Mfano huo unafika mahali unakwama, kwa sababu kwenye pigo kila kinachofuata kinakwenda kasi kuliko kilichotangulia. Hapo nahamia kwenye daladala. Daladala ikifunga breki ghafla, abiria waliosimama wanaendelea mbele. Nyonga zinageuka, halafu zinafunga breki, na kasi yake inahamia kifuani. Kifua kinafunga breki, kasi inahamia mikononi. Mikono nayo inapunguza, na gongo linafyatuka. Mtoto akikaza mikono tangu mwanzo, hakuna kinachohama, gongo linatembea kwa kasi ya mikono tu.

Halafu kuna suala la misuli. Mikubwa iko mapajani, makalioni na tumboni. Kuiachia mikono kazi yote ni kumbebesha kitinda mimba lumbesa ya viazi huku kaka zake wamekaa wanatazama.

Na muda wenyewe ni haba. Kutoka kibao anaposimama mtupaji mpaka pleti, alama iliyo chini mbele ya mpigaji, ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4, na sehemu kubwa ya muda huo mpigaji bado anautazama akiamua apige au aache. Watoto wetu hawatupiwi mipira ya kasi hiyo, lakini wakizoea kupeleka mikono mbali na mwili kwa duara kubwa, hata mpira wa taratibu watauchelewa.

Naanzaje siku ya kwanza?

Bila mpira, na bila gongo pia. Tafuta mpini wa jembe kwa kila mtoto, au mmoja kwa watoto watatu wapokezane. Mpini unalala nyuma ya kiuno, umeshikiliwa kwa viwiko. Miguu imepanuka kuzidi mabega kidogo, magoti yamelegea kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda akaghairi.

Sema "hatua". Mguu wa mbele unatua, mpini haujasogea bado. Ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo utawaona wanaodanganya, maana mpini wao utakuwa umeshageuka nusu. Warudishe. Halafu sema "geuka". Goti la nyuma linaingia ndani, kisigino cha nyuma kinainuka, ncha ya mpini iliyokuwa upande wa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, inakuja mbele. Wakati huohuo goti la mbele linanyooka na mguu unakakamaa. Mguu huo ni bawaba. Mlango wenye bawaba iliyolegea hata ukiusukuma kwa bega utaburuza chini.

Kuna maelekezo ya zamani yanayopendwa na makocha wengi: "ponda mende kwa mguu wa nyuma". Nimeyatumia miaka miwili, nikaacha. Mtoto anaponda mende kweli, anabaki na uzito wote kwenye mguu wa nyuma akiuzungusha palepale, na bawaba ya mbele haina kazi. Pigo likiwa sahihi, mguu wa nyuma unakuwa mwepesi, ncha ya kiatu ikigusa tu ardhi au kuburuzika kidogo. Mende anapona.

Dakika kumi zinatosha. Zikizidi hapo wanaanza kupigana na mipini.

Wanafunzi wangu wanapiga kama wanafyeka majani. Nifanyeje?

Pole, na karibu kwenye chama. Fyekeo limenisumbua kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mtoto wa kwetu amefyeka uwanja wa shule tangu darasa la tatu: mkono mmoja, mgongo umeinama, bega linafanya kazi yote, miguu imelala. Mpe gongo, mwili unakumbuka kilekile.

Nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Kila pigo lake lilianzia begani na kuishia kwenye nyasi. Nilimwambia "tumia nyonga" labda mara ishirini, na mara ya ishirini aliniangalia kwa ile adabu ya mtoto anayesubiri mkubwa amalize kusema. Nikamuuliza nyumbani kwao nani anakata miti. "Babu, mwalimu." Anakataje? Akaweka gongo chini, akashika shoka la hewani. Akachimba mguu wa mbele kwenye vumbi, akaupeleka mwili mzima nyuma, kisha akageuka, na mikono ikaja mwisho kabisa. Nikamwambia, "Basi leo wewe ni babu." Tulikuwa tumeweka mpira wa soksi juu ya bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Pigo la kwanza aliangusha bomba. La pili, mpira ulikwenda ukagonga goli la wenzetu wa mpira wa miguu, nao wakalalamika.

Kwa hiyo sisemi tena "nyonga" siku za mwanzo. Natafuta kazi ambayo mtoto ameshaiona ikifanywa na mtu anayejua kuifanya. Kukata mti kwa shoka ni ubavu kwa ubavu, ni mzunguko mtupu. Kupasua kuni hakufai, kwa sababu shoka linashuka kutoka juu. Mwalimu mwenzangu wa Tukuyu anawatumia wapakiaji wa ndizi: mtu anaupokea mkungu ubavuni, anageuka, mkungu uko juu ya gari, na mikono imeelekeza tu. Tafuta wa kwako.

Nyonga na mabega yanageuka kwa pamoja. Ni kosa?

Ndiyo, na ni kosa linalojificha, maana kwa mbali pigo linaonekana zuri. Fikiria watu wawili wanakamua blanketi. Wakizungusha ncha zote mbili upande mmoja kwa kasi moja, blanketi linazunguka tu na maji yanabaki ndani. Mmoja anashikilia, mwingine anazungusha. Kwenye pigo nyonga zinaanza kufunguka wakati mabega bado yameshikilia, kwa muda mfupi mno usioweza kuhesabu, na hapo katikati, tumboni na ubavuni, ndipo nguvu inapobanwa.

Zoezi langu ni la manati. Mtu akipiga manati, mkono mmoja unakwenda mbele na mwingine unavuta mpira nyuma. Vivyo hivyo mguu wa mbele unapokwenda kwa mtupaji, mikono yenye gongo inarudi nyuma kidogo, kama upana wa kiganja. Usimruhusu arudishe mpaka kiwiko cha mbele kinyooke kama fimbo, maana atachelewa. Na asiyeweza kujikunja vizuri usimlazimishe. Mgongo wa mtoto ni wake, siyo wa timu.

Nilifundishwa "piga kwenda chini". Wewe unasema pigo lipande kidogo. Nani mkweli?

Tuanze na mpira wenyewe. Mtupaji amesimama kwenye kilima chenye kimo cha sentimita 25.4, anaachia mpira kutoka juu ya kichwa, na mpira unaendelea kuvutwa chini. Unapofika kwa mpigaji unashuka kwa nyuzi kati ya 5 na 10 hivi. Gongo likishuka pia, njia hizo mbili zinakatana mahali pamoja tu, na ukiwahi au ukichelewa kidogo umekosa. Gongo likipanda kwa nyuzi zilezile, linakaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Wanafunzi wangu nawaambia ni reli ya TAZARA: treni mbili zikielekeana kwenye njia moja zitakutana tu, iwe Makambako au Mlimba. Mungu apishe mbali, lakini ndivyo.

Onyo: ukisema neno "panda" mbele ya darasa, nusu yao watadidimiza bega la nyuma na kupiga mpira uende juu kama mwewe. Mimi silitamki. Namwomba mtoto ainamishe kiwiliwili kidogo kuelekea pleti, na mabega yageuke kufuata mwinamo huo. Pigo linapanda lenyewe.

Anashika gongo mikono imepishana.

Mpigaji wa kulia: mkono wa kushoto chini, karibu na kitako cha gongo, wa kulia juu yake, imegusana. Wengi hushika kinyume na kuachanisha mikono kwa sababu ndivyo walivyozoea kushika jembe. Rekebisha siku hiyohiyo, usisubiri wiki ijayo.

Mtoto anatumia mkono wa kushoto. Nimbadilishe?

Hapana. Adabu ya mkono wa kulia ni ya kula na kupokea. Kwenye besiboli mpigaji wa kushoto anasimama upande ulio karibu zaidi na beisi ya kwanza, kwa hiyo ana faida. Geuza maelekezo yote, mwache alivyo.

Wasichana wanaweza pigo hili?

Umesoma habari ya yule binti hapo juu. Endelea.

Gongo tunapata wapi? Tunaweza kuchonga?

Kwanza jina. Ukisema "gongo" kwa sauti kwenye uwanja wa shule, mwalimu wa zamu anageuka akidhani kuna pombe. Wengine wakajaribu "bati", mafundi wa paa wakacheka. Wakahamia "beti", na hilo nalo siku hizi ni mkeka wa mechi za Jumamosi. Nimebaki na gongo, na nimeshajieleza kwa mkuu wa shule.

Magongo halisi ya mbao huchongwa kwa miti migumu ya kwao kama mepo, yasizidi kipenyo cha sentimita 6.6 wala urefu wa sentimita 106.7. Mtoto wa kidato cha kwanza hahitaji hata kukaribia urefu huo. Sentimita 70 na kitu, jepesi, linamtosha. Gongo zito ndilo linaloharibu mzunguko kuliko maneno mabaya ya kocha, kwa sababu mtoto analazimika kulivuta kwa mikono mapema ili afike.

Mwaka wa kwanza nilimpa fundi ubao wa paini, kwa kuwa paini hapa ni kama mahindi, misitu ya Sao Hill iko jirani. Akachonga gongo zuri, msasa na vanishi, ungedhani la dukani. Pigo la tatu likakatika shingoni. Kichwa chake kikapita juu ya bega la mdakaji na kwenda kulala kwenye mahindi ya mlinzi. Kosa lilikuwa langu: paini ni laini mno, na zaidi ya hapo sikuangalia nyuzi za ule ubao, ambazo zilikuwa zinaukata mpini kwa mshazari. Ukichongesha, chagua mbao ngumu iliyokauka, na nyuzi zinyooke kutoka kichwa mpaka mwisho wa mpini. Lichunguze kila jioni. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, lipeleke jikoni. Usilifunge kwa mpira wa baiskeli ukajidanganya.

Mpira rasmi una gramu kati ya 142 na 149 na ni mgumu. Kwa miezi miwili ya kwanza tunatumia mpira wa soksi, uleule wa rede. Haumuumizi mtu, na ukipigwa vibaya hauendi popote, ambao ni ualimu wa bure.

Ni kweli mpira unakwenda mbali zaidi huku nyanda za juu?

Kweli kabisa, na watoto wanalipenda swali hili. Uwanja wa Coors Field mjini Denver, Marekani, uko takriban mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, na unajulikana kote kwa mipira inayopaa. Iringa mjini tuko karibu na kimo hicho. Mbeya mjini wametuzidi, kama mita 1,700, na Njombe wamewazidi Mbeya. Kwa kimo hiki hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mpira unapata upinzani mdogo njiani. Ila mpira wa kupinda nao haupindi sana kama kule Dar, kwa sababu unahitaji hewa ya kuisukuma ili upinde. Mpigaji wa Mbeya akienda kucheza Dar anashangazwa mara mbili: mipira yake inaanguka mapema, na ya mtupaji inakata kona ambazo hajazizoea.

Denver, tangu 2002, wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu unaodhibitiwa isikauke na kuruka kupita kiasi. Yetu inakaa stoo pamoja na viazi vya mbegu.

Jambo la baridi ni zito zaidi kwa mwalimu wa huku. Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mpira mgumu ukigongwa karibu na mikono unatetemesha viganja mpaka mtoto anatupa gongo. Mtoto aliyeumia viganja siku mbili mfululizo ataanza kupunguza pigo bila kujua. Miezi hiyo fanyeni mazoezi jioni, au bakini na mpira wa soksi.

Na usalama?

Anayepiga ni mmoja tu kwa wakati. Wengine wote wako nyuma ya mstari, hatua kumi, na hakuna mwingine mwenye gongo mkononi akijifanyia mazoezi pembeni. Mchore mstari huo kwa majivu kabla hata ya kutoa vifaa. Mpigaji akimaliza anaweka gongo chini. Anayelirusha anakaa siku hiyo yote, hata kama amepiga vizuri kuliko wote.

Nimeulizwa kama helmeti ya bodaboda inafaa. Ni nzito, inaziba macho pembeni, na haikutengenezwa kwa kazi hii. Kama hamna helmeti za besiboli, msitumie mpira mgumu. Hapo sina mjadala.

Huu mchezo umefikaje kwetu? Wazazi wananiuliza.

Wajapani wana mkono mkubwa hapa nchini. Hata mashindano ya shule yamepewa jina la Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, ambao vijana wa sekondari wa kule hulia wakishindwa na kuondoka na udongo wake kwenye mifuko. Mzazi mmoja aliposikia hilo aliniambia, "Kamwene mwalimu, basi wetu wasilete udongo nyumbani, upo wa kutosha."

Nitajuaje kama mtoto ameshika?

Funga macho. Mpe ufito mwembamba wa mwanzi, urefu wa gongo, kisha apige hewani kwa nguvu zake zote. Ufito unalia "vuu" pale unapokwenda kasi zaidi. Sikiliza sauti inatokea wapi. Ikitokea nyuma, upande wa mdakaji, mikono imetangulia na kasi imeisha kabla ya mpira kufika. Ikitokea mbele ya kifua na kuendelea kidogo, nyonga zimefanya kazi yake. Hakuna maelezo yanayomshinda mtoto anapojisikia mwenyewe tofauti ya sauti hizo mbili. Mianzi huku haina bei, omba tu kwa wagema wa ulanzi, ila nenda asubuhi kabla hawajaonja.

Wiki iliyopita niliwapanga watano wapige hivyo kwa zamu, mimi nimewapa mgongo. Wanne sauti ilitoka nyuma. Ya tano ikalia mbele, ndefu, safi. Nilipogeuka, ufito ulikuwa umeshikwa na mtoto wa darasa la nne anayechunga wale mbuzi wawili wa jirani.